Pua ya Kishingo na Mkono wa Kaka Yangu

Katika nchi yetu nzima, kuanzia kule kwenye baridi mpaka huku kwenye jasho, hakuna anayenishinda mimi kwa kupiga pushapu. Sisemi wanawake tu, na wanaume waje. Waje na askari wa kikosi maalumu. Mimi Mize binti Mwinchande, mwenye wajukuu na vitukuu, ndiye Shujaa wa Taifa wa Mazoezi, na nishani nilivishwa. Jana nilikaa mkekani kuchambua mchele, nikashindwa kuinuka. Kaka yangu Sufiani alinisukuma mgongoni kwa goti, nami nikajishikiza kwenye kabati la vyombo, na kabati lilivyotikisika ile nishani ikachomoka msumarini ikaanguka. Tukaiacha hapo hapo chini, maana kati yetu hakuna anayeweza kuinama.

Sasa kaa nikueleze ilivyokuwa. Nchi yenyewe sitaitaja. Mimi shule niliishia darasa la nne, lakini hata darasa la nne tulifundishwa yapi ya kusema na yapi ya kumung'unya. Ukiona inafanana na nchi yako, basi macho yako ndiyo yenye makosa, nenda kayapime.

*

Mtaani kwetu palikuwa na jimu. Usifikirie zile za vioo na feni. Hili lilikuwa banda la bati, na vyuma vyake vilikuwa ekseli za malori yaliyokufa na makopo ya rangi yaliyojazwa simenti. Msimamizi alikuwa kijana mmoja, Kocha Chaurembo, kifua kipana kama mlango wa msikiti na sauti ndogo kama ya mwanamwali.

Kaka yangu Sufiani ni kinyozi. Vichwa vyote vya mtaa huu vimepita mikononi mwake, vingine tangu vina nywele za kuzaliwa nazo mpaka vikaishiwa. Kiharusi kilimkuta kazini, wembe uko kwenye kidevu cha mteja. Mteja alipona. Mkono wa kulia wa kaka yangu ukalala.

Kinyozi asiye na mkono wa kulia huyo unamfanya nini? Alifunga kibanda, akageuza kioo kikatazama ukuta, akaja kuishi kwangu. Zahanati walimpa vidonge vya presha, wakamwambia na mazoezi. Ndipo Chaurembo akachukua roda, lile gurudumu dogo la kuvutia ndoo kisimani, akalifunga kwenye boriti la jimu, akapitisha kamba. Upande mmoja kopo la simenti, upande mmoja kishikio cha bomba. Vidole vya kaka vilikuwa vinateleza, nikachana kipande cha kanga yangu kuukuu yenye doa la hina, nikakizungushia kwenye kishikio na kukishona kabisa.

Chaurembo alikuwa anasimama nyuma yake, amemshika kiwiko.

"Vuta, mzee wangu. Vuta kama unamvuta mbuzi siku ya Idi."

"Mbuzi mwenyewe mimi, Chaurembo."

"Basi jivute."

Mkono ukaanza kuamka. Kwanza ulitoka mapajani ukafika kitovuni. Mvua zilipokatika ulikuwa kifuani. Siku ulipogusa bega, vijana wa jimu waliangusha vyuma wakashangilia mpaka majirani wakadhani kuna mwizi.

"Bado kichwa tu, dada," kaka akaniambia njiani. "Ukifika usawa wa kichwa cha mteja, nafungua kibanda."

Hapo ndipo serikali ilipotukumbuka. Kuna watu huomba serikali iwakumbuke. Mimi naomba ituache na usahaulifu wake.

*

Alikuja Waziri wa Misuli na Maendeleo ya Viungo, Mheshimiwa Dakta Ngwira. Walimtoa garini watu wawili, mmoja anasukuma na mmoja anapokea, kwa sababu mlango wa gari ulikuwa umetengenezwa ughaibuni na huko hawajui ukubwa wa viongozi wetu. Akapanda jukwaani, jukwaa likalia, naye akahutubia.

"Ndugu wananchi! Utafiti wa kina, uliofanywa kwa kina na watu wa kina, umebaini kwamba jimu ni mabaki ya ukoloni! Kwa nini mwananchi huru atoke kwake aende kunyanyua chuma cha watu, ilhali Mwenyezi Mungu amempa uzito wake mwenyewe, bure, nyumbani? Kila mwili ni jimu! Kila sakafu ni uwanja! Kila pua ni..." Akakwama, akapekua karatasi. "Kila pua ni mchango katika pato la taifa!"

Tukapiga makofi. Katika nchi yetu makofi hayasubiri mtu aelewe. Mtu akinyamaza kidogo tu kupumua, sisi tunapiga, na asiyepiga huulizwa baadaye na watu waliovaa miwani.

Kisha akatueleza. Kila mtu mzima atapewa simu ya kupangusa, na ndani ya simu kuna programu inaitwa Jikaze. Unaweka simu chini, unalala kifudifudi, unapiga pushapu, na kila ukishuka pua yako inagusa kioo. Pua ikigusa, simu inahesabu. Haihitaji kocha, haihitaji chuma wala banda. Kila kitu kinajulikana moja kwa moja wizarani.

Kaka yangu akanyoosha mkono, ule wa kushoto.

"Mheshimiwa, mimi mkono mmoja umelala. Huo uzito wa mwili wangu nitaunyanyuaje?"

"Swali zuri sana hilo, mzee wangu," alisema Waziri kwa upole. "Utaunyanyua nusu."

Tukapiga makofi.

Siku ile ile lori likaja likabeba vyuma vyote kwenda kuhifadhiwa. Lilibeba ekseli, makopo ya simenti, na roda pamoja na kamba yake. Nilimsogelea mpakiaji mmoja.

"Mwanangu, kopo la simenti mnalihifadhi asiliibe nani?"

"Bibi, mimi napakia tu."

Banda likapigwa rangi, likatundikwa kibao: Ofisi ya Kuhamasisha Mazoezi ya Nyumbani. Wakaletwa maofisa, wakaletewa viti vinavyozunguka, na chai ya maziwa na maandazi. Chaurembo naye akapewa tai na meza. Baada ya muda tai ikawa inalalia tumbo kama mtoto kwenye mbeleko.

*

Programu ile ilikuwa na sauti ya mwanamke, tamu, kama ya mtu anayekuuzia sabuni. Na sauti yenyewe haipunguzwi. Walisema ilitengenezwa hivyo makusudi ili jirani naye ahamasike. Kila alasiri king'ora cha kata kilikuwa kinalia, hiyo ndiyo Saa ya Taifa, na nchi nzima inatakiwa iwe kifudifudi. Mtaa mzima unasikia "Hongera! Hongera! Jikaze!" kila nyumba kwa wakati wake, kama majogoo wasioelewana.

Ukifanya vizuri unasifiwa. Usipofanya unatangazwa.

"Sufiani!" ile sauti ilikuwa inaita kutoka ukumbini kwangu mpaka dukani. "Leo umelala! Taifa linakuonea haya!"

"Hata mimi nalionea haya," kaka alikuwa anajibu, amekaa kwenye kiti, mkono umempumzikia pajani. Kwa maana mkono ulishaanza safari ya kurudi. Kutoka begani ulishuka kifuani, na haukuaga.

Nilimpeleka kwa Mtendaji wa Kata, Bwana Kilumanga, mtu mwembamba anayependa kuzungumza amefumba macho ili asione anayezungumza naye.

"Mtendaji, huyu ana kiharusi. Hiyo Jikaze yenu haina mahali pa wenye kiharusi?"

"Bi Mize, programu ina sehemu tatu. Anayeanza, Aliyezoea, na Shujaa. Kiharusi hakimo. Achague Anayeanza."

"Alikwisha anza, mkamkatisha."

"Basi aanze tena. Ndiyo uzuri wa teknolojia, inakuruhusu kuanza tena."

Tukatoka hapo tukaenda kwenye lile banda, mezani kwa Chaurembo. Alisimama alipotuona, halafu akakumbuka cheo akakaa.

"Mwanangu," kaka akamwambia, "sitaki chuma. Nishike kiwiko tu kama zamani, hapa hapa, nijaribu kuinua."

Chaurembo aliutazama ule mkono. Vidole vyake vikacheza juu ya meza, nikadhani atanyanyuka.

"Siruhusiwi, mzee wangu," akasema kwa ile sauti yake ndogo. "Ofisa hagusi mwili wa mwananchi. Naweza kukuhamasisha."

"Haya, nihamasishe."

"Jikaze, mzee wangu."

Kaka akamshukuru. Mimi sikumshukuru, nilichukua andazi mezani kwake nikaondoka nalo.

Zahanati ndiko tulikomaliziwa. Muuguzi alipangusa simu ya kaka, akatikisa kichwa. "Mfumo unasema wewe ni mvivu sugu. Vidonge ni vya wagonjwa, mzee, wavivu hawana fungu." Tukarudi nyumbani bila vidonge.

*

Sasa aje Kishingo.

Kishingo ni kuku wangu, mtetea asiye na manyoya shingoni, mwenye tabia mbaya na macho ya mke mwenza. Alasiri moja king'ora kimelia, mimi niko uani napepeta mahindi, simu nimeiweka chini kama sheria inavyotaka ila mwenyewe nimekaa kwenye kigoda. Punje zikaruka zikatua kwenye kioo. Kishingo akaja. Akadonoa.

"Vizuri!" ikasema simu.

Akadonoa tena.

"Vizuri sana, Bi Mize! Shuka! Panda! Shuka!"

Kijana mmoja wa jirani aliwahi kuniambia kioo cha simu hakisikii mdomo wa kuku. Mimi sina ugomvi na elimu, lakini Kishingo hakuambiwa. Alidonoa mpaka punje zikaisha, na simu ikaimba wimbo wa taifa, na ile sauti ikanisifu hivi:

"Hongera, Bi Mize! Tunaona pua yako imechongoka. Unapungua vizuri!"

Nilicheka mpaka nikashika ukuta. Kaka akatoka ndani akidhani nimepatwa na langu.

"Kaka, leta na simu yako."

"Ya nini?"

"Leta, nikupigie pushapu."

Kesho yake Sufiani hakutangazwa. Wiki haikwisha akatoka kwenye Anayeanza akawa Aliyezoea, na kabla mwezi haujaandama akawa Shujaa. Tukajipamba tukaenda zahanati kifua mbele. Muuguzi akapangusa simu, akafungua mdomo kwa mshangao.

"Mashallah, mzee! Pushapu zote hizi?"

"Najikaza, binti yangu."

"Sasa mtu mwenye afya hii vidonge anataka vya nini?"

Tukarudi nyumbani bila vidonge.

Mambo ya mtaani hayafichiki, hasa yakiwa na mabawa. Jirani wa kushoto alichungulia ukutani, wa kulia akasikia kwa wa kushoto, na muda si muda sokoni hapakupatikana kuku. Kila ua ukawa na mtetea wake wa Saa ya Taifa. Wageni wakija, hata mkwe, wanapewa maharage, kwani nani atamchinja mtu anayemfanyia mazoezi? Kuku wakaacha kutaga, wakaota vifua. Kishingo alikuwa anatembea uani anatanua mabega kama Chaurembo wa zamani. Binadamu tulikaa vigodani, tukanenepa, tukapata magoti mabovu, na kule wizarani michoro ya afya yetu ikapanda mpaka ikatoka nje ya karatasi.

Kata yetu ikatangazwa ya kwanza kwa afya katika nchi nzima. Bwana Kilumanga alifumbua macho siku hiyo. Na redio ikasema: mwananchi atakayeongoza kwa pushapu mwaka huu atavishwa nishani, atakunywa chai nyumbani kwa Waziri, na ataruhusiwa kuomba jambo moja.

Jambo moja. Nilizima jiko nikakaa chini.

"Kaka, nitamwomba arudishe jimu."

"Kwa miguu ya kuku?"

"Kwa mdomo wake."

Mkono wa kaka ulikuwa umeshashuka kitovuni, na tulikuwa tumeacha kuutaja, kama mtu asivyosemwa akiwa chumba cha pili. "Dada," akasema, "hata wakirudisha roda tu bila banda, mimi nitavutia kwenye mwembe wa mtu yeyote."

Basi nilimlisha Kishingo mahindi yaliyochaguliwa. Alidonoa asubuhi, alidonoa adhuhuri, alidonoa Saa ya Taifa. Akiniangalia kwa jicho lake moja namwambia: fanya, mama, mkono wa mtu uko mdomoni mwako. Na mimi nikawa mtu mwenye nguvu kuliko wote katika nchi yetu.

*

Gari la wizara lilitufuata. Nilivaa baibui jipya, kaka akavaa koti lake la harusi, mkono wa kulia tukautia mfukoni ili aonekane mwenye maringo. Bwana Kilumanga alikaa mbele na Chaurembo nyuma kwetu, wao ndio wawakilishi wa kata bora. Kishingo nilimwacha nyumbani na simu zote mbili na punje za kutosha.

Nyumba ya Waziri sitaieleza, nisije nikaonekana nina wivu. Sebule ilikuwa imejaa wapiga picha. Mheshimiwa Dakta Ngwira alikuwa amekwisha kaa, na sofa ilikuwa imekwisha kubali. Alinivisha nishani bila kuinuka. Mimi ndiye niliyeinama, na goti likalia, wapiga picha wakadhani ni kamera.

"Ndugu wanahabari!" akaanza. "Mnamwona mama huyu? Hana jimu! Hana chuma! Ana mwili wake na simu yake! Mimi mwenyewe, ndani ya nyumba hii, hamtakuta chuma. Nina sakafu. Nina pua. Nina uzalendo!"

Tukapiga makofi.

"Haya mama, omba jambo lako."

Niliinuka nikashika kiti. "Mheshimiwa, naomba jimu ya mtaani kwetu ifunguliwe. Huyu kaka yangu ni kinyozi. Mkono wake ulikuwa unarudi, ulishafika begani. Jimu ilipofungwa ukageuza njia. Sina lingine."

Waziri alitabasamu kwa huruma kubwa, akawageukia wapiga picha.

"Mnasikia unyenyekevu huo? Mama, wewe ndiye uliyepiga pushapu kuliko taifa zima bila jimu. Na huyu kaka yako," akapewa karatasi, akasoma, "huyu ni wa ngazi ya Shujaa! Mwenye kiharusi, na ni Shujaa! Ninyi wawili ndio sababu nimesaini jana kufunga jimu zote zilizobaki nchini!"

Wakapiga makofi. Na mimi mikono yangu ikapiga kabla sijaiambia. Kaka alinitazama, nikatazama zulia.

Niliomba kwenda msalani. Si kwamba nilibanwa, nilitaka pa kuweka uso wangu. Msichana wa kazi alinionyesha ukumbi mrefu, nikahesabu milango vibaya, nikafungua wa chumba kikubwa. Mle ndani vilikuwamo vyuma vya jimu yetu. Ekseli zimetundikwa mashati. Makopo ya simenti yamekalishwa viatu. Na kwenye dari, kwa msumari mzuri kuliko wetu, roda ya Chaurembo imefungwa kamba ya kuanikia, na kwenye kamba suruali za Mheshimiwa zimejipanga, kila moja pana kama hema la msiba. Kishikio kilikuwa kinaning'inia mwisho wa kamba. Nikakishika. Kipande cha kanga, doa la hina, na mshono wangu uliopinda.

Nilirudi sebuleni nikakaa karibu na kaka.

"Nimeiona roda yako," nikamnong'oneza.

"Iko wapi?"

"Humu humu. Imebeba suruali."

Chaurembo alisikia. Aliangalia ukumbi, akaangalia tai yake, akachukua sambusa.

Nikanyoosha mkono kama mtoto wa shule. "Mheshimiwa, jimu nimeacha. Naomba kitu kidogo tu. Kile unachoanikia suruali."

Mheshimiwa akaweka kikombe chini.

"Suruali gani, mama?"

"Kule chumba cha ukumbini. Kile kigurudumu na kamba yake. Suruali tutakukunjia vizuri."

"Mama amechoka na safari," alisema Waziri, na tabasamu halikutikisika. "Nimesema mbele ya taifa, ndani ya nyumba hii hamna chuma. Mimi ni mtu wa sakafu."

Kabla sijajibu king'ora kikalia. Saa ya Taifa. Bwana Kilumanga, kwa mazoea ya kazi, akaruka akapiga kelele: "Bi Mize atuongoze! Shujaa atuongoze!" Kamera zote zikanigeukia, mtu akavuta meza ya chai pembeni, na zulia likabaki jeupe mbele yangu kama sanda.

Nilimtazama kaka. Kaka alitazama koti lake. Nikishuka pale siinuki, na nikiinuka nitainukia jela, mimi na kuku wangu.

"Mheshimiwa," nikasema, na sauti yenyewe sijui niliitoa wapi, "mimi ni mtoto wa heshima. Mkubwa akiwapo, mdogo hatangulii. Tuongoze wewe."

Kamera zikamgeukia yeye.

Waziri aliitazama ile sakafu. Ilikuwa mbali. "Mimi," alisema, "zangu za leo nimekwisha zimaliza. Asubuhi, chumbani kwangu, mimi na Mungu wangu. Nimeshaifunga simu, hii hapa." Akaupiga mfuko wa koti. "Siigusi tena mpaka kesho. Ndiyo nidhamu ninayowahubiria kila siku, ndugu wananchi. Hakuna wa kukupigia pushapu zako, ila wewe mwenyewe!"

Ndipo uani, nyuma ya jikoni, ikasikika tok, tok, tok. Na ile sauti tamu, ile isiyopunguzwa ili jirani ahamasike, ikaingia dirishani, ikajaa sebule nzima:

"Hongera, Mheshimiwa Dakta Ngwira! Shuka! Panda! Shuka! Tunaona pua yako imechongoka. Unapungua vizuri!"

Jogoo akawika.

Mheshimiwa alibaki kiganja kifuani, juu ya mfuko usiokuwa na kitu. Kwenye paji la uso tone likatoka, likateremka taratibu mpaka kidevuni. Hilo ndilo jasho la kwanza nililoliona kwa macho yangu tangu Jikaze ianze.

Bwana Kilumanga ndiye aliyeanza. Pa, pa, pa. Wapiga picha wakaweka kamera chini wakapiga. Chaurembo akaweka sambusa akapiga. Na mimi, Mungu anisamehe, nikapiga. Sebule ikavuma makofi mpaka vikombe vikatetemeka, na Mheshimiwa uso ukaanza kumrudia kidogo kidogo, akakaa vizuri, akatuangalia mmoja mmoja. Jicho lake likafika kwa kaka yangu, mkono wa kulia ungali mfukoni, likasimama.

"Na yule mzee," akauliza, "mbona hapigi makofi?"